Siku Maharage Yalipokataa Kuota

Harufu ya ndagala haitoki kwenye nywele. Utaosha, utasugua kwa sabuni ya mche, utapaka mawese, utafunga kitambaa kipya kichwani, lakini ukiketi kanisani na jua likashika bati, harufu itaamka yenyewe na kuwaambia jirani zako ulikotoka. Mimi nimekulia Baraka, kwenye mchanga wa ziwa, ndani ya harufu hiyo, na sijawahi kuionea haya. Wageni wakishuka kwenye magari kutoka Uvira hushika pua zao. Washike tu. Jioni utawakuta wameinamia sahani ya ndagala hao hao na hakuna anayekumbuka pua yake. Lakini mimi nikiisikia harufu hiyo sikumbuki chakula. Nakumbuka usingizi. Nakumbuka ule usingizi wa utotoni, mzito, unaoanzia magotini na kupanda polepole hadi machoni, ukakukuta umesimama juani na kijiti mkononi, unafukuza kunguru ambao umeshaacha kuwaona.

Kwa asiyetoka ziwani lazima nieleze, la sivyo hatanielewa. Ndagala, hao samaki wadogo wengine huwaita dagaa, huvuliwa usiku, kwa taa. Mwezi usipokuwepo, giza likiwa giza kweli, samaki hao hukimbilia mwanga wa taa za mitumbwi, na alfajiri wanaume hurudi wamejaza hadi ukingoni. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haifai kitu. Ziwa lote linang'aa, samaki hawana haja ya kusogea, na wanaume hukaa nyumbani wakishona nyavu na kugombana na wake zao. Kwa hiyo sisi watoto wa Baraka, miaka ile ya hamsini, tulikuwa na maisha mawili. Siku za mbalamwezi tulicheza mpaka tukachokana. Siku za giza tulikuwa watu wa kazi. Kabla jua halijachomoza tuko ufukweni, tunapokea vikapu, tunamwaga samaki mchangani, tunawatandaza wasilaliane, tunawageuza, tunafukuza kunguru na mwewe na kuku na mbuzi wa watu, tunawageuza tena, na mchana tunaanza kuwakusanya kabla upepo haujawafukia. Hakuna aliyekaa chini akatufundisha utaratibu huo. Tuliukuta, kama tulivyoikuta milima ya Ubwari ng'ambo ya maji.

Kiangazi kile ninachokikumbuka, mama yangu alipata mgeni. Mama hakuwa mtu wa ziwani, alitoka Fizi, juu milimani, kwenye baridi na mashamba ya maharage, na aliposhuka kuolewa na baba alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo ya karibu. Mgeni alikuwa mdogo wake wa mwisho, Wabiwa, ambaye kwangu alikuwa mama mdogo ingawa kwa umri angeweza kuwa dada yangu mkubwa tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, anaongea mbio kama mtu anayeogopa kukatizwa, na alikuwa amemaliza masomo yote ambayo msichana angeweza kupewa kwenye misheni ya kule juu. Padri alikuwa amemwita ashuke Baraka kuongoza kundi la watoto wa parokia wakati wa likizo. Lakini nyuma ya wito huo palikuwa na jambo kubwa, nasi sote nyumbani tulilijua. Huko Uvira kulikuwa na Masera, ndivyo tulivyowaita watawa, aliyekuwa akizunguka misheni za pwani ya ziwa akitafuta msichana mmoja wa kumpeleka kwenye shule ya monitrisi, yaani walimu wa kike. Angekuja kuliona kundi la Wabiwa. Likimpendeza, Wabiwa anakwenda shule. Lisipompendeza, anapanda kurudi Fizi, ambako mtu alishakuja kumposa na babu alishamkaribisha kiti.

Sijui kama watu wa leo wanaweza kuelewa shule ilikuwa nini kwa msichana wa wakati ule. Wavulana walipata ukarani, walipata ualimu, walivaa kaptula zilizopigwa pasi na kutembea na kalamu mfukoni. Msichana alipata jembe. Mama mdogo Wabiwa aliitaka shule ile kwa njaa ambayo hata mimi, mtoto, niliiona na ikanitisha kidogo. Aliweza kuwa anamenya muhogo akaacha ghafla, kisu hewani, akamwambia mama, "Yaya," maana ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, "nikirudi kutoka kule nitakuwa na darasa yangu. Na mulango. Na ufunguo ya mulango." Mama alikuwa akimjibu, "Menya muhogo." Halafu nilimwona mama akigeuza uso upande mwingine, na ulikuwa uso wa mtu anayeomba Mungu.

Basi mama mdogo akaanza kupanga. Jamani, alivyopanga! Watu wazima wa mtaa wetu walicheka hadi wakashika mbavu. Walikuwa hawajasikia bado kwamba mchezo wa watoto unahitaji mtu wa kuupanga. "Mutoto anacheza kama vile mbuzi inakula majani," alisema baba, "nani anapangia mbuzi?" Lakini mama mdogo alikuwa na wazo lake, na wazo hilo alilishika kwa mikono miwili: kila mchezo uwe na furaha ndani yake, na ndani ya furaha mtoto aokote kitu cha kujua. Alichukua makaa akachora mipango yake kwenye ukuta wa jiko la mama. Mbio za kubeba maji kichwani, na mwisho wa mbio tunajifunza kwa nini maji ya ziwa huchemshwa kabla ya kunywewa. Vitendawili vya kushindana, wa milimani na wa ziwani. Kusuka kamba na kuhesabu mafundo. Kuandika herufi mchangani kwa mguu, mguu wa kushoto. Asubuhi anafuta nusu, jioni anaandika upya. Mama alilalamika kwamba ukuta wake umekuwa mweusi kuliko sufuria, na mama mdogo akamwambia avumilie, nchi inajengwa.

Mchezo aliouthamini kuliko yote ulikuwa wa maharage. Aliutunga mwenyewe, na ulikuwa mchezo wa mtu wa Fizi hasa. Watoto wote wanalala chini, wamejikunja, magoti kifuani. Wao ni mbegu. Mama mdogo anapita katikati yao akitikisa kibuyu chenye punje kavu ndani, hiyo ni mvua. Mtoto mmoja amesimama amebeba ungo juu ya kichwa, huyo ni jua. Mvua inanyesha, jua linazunguka, na mbegu zinaanza kuota: kwanza kidole, halafu mkono, halafu kichwa, mpaka wote wamesimama wakiyumba na kuimba, na kila mmoja anataja kitu ambacho mmea unahitaji ili uishi. Kulikuwa na kuku pia, anayepita akiparura na kujaribu kula mbegu kabla hazijaota. Kuku alikuwa Alimasi, mtoto wa jirani yetu Mwislamu, ambaye hakuwa wa parokia hata kidogo, lakini mama yake alimruhusu aje kwa michezo tu, na wakati wa sala alikuwa akitoka nje na kutungoja chini ya ukuta akila mihogo mibichi. Hakuna kuku aliyewahi kuparura vizuri kama Alimasi. Jua nilikuwa mimi. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nilikuwa mrefu, si kwa sababu nyingine.

Ilikuwa siku za mbalamwezi, na tulicheza kama wehu. Watoto walikuja hadi kutoka vijiji vya mbali kidogo. Wamama walikuja kusimama pembeni wakajifanya wanapita tu. Padri mwenyewe alicheka siku Alimasi alipomparura mguu mtoto wa katekista mpaka mbegu ikaota kabla ya mvua. Mama mdogo alikuwa akirudi nyumbani jioni sauti imemkauka, miguu imejaa vumbi, na bado anaongea. Ikafika siku padri akamwambia achague mwenyewe tarehe ya kumwita Masera. Alichagua Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mbele kidogo, ili tupate muda wa kujizoeza. Kule kwao Fizi wakati huo maharage yameshavunwa, watu wanapumzika, watoto hawana la kufanya. Ujumbe ukapelekwa Uvira na dereva wa kamio, yaani lori, na jibu likarudi kwamba Masera atakuja.

Wewe msomaji umeshaona kosa liko wapi. Mtoto yeyote wa Baraka angeliona, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyelisema. Mtu wa Fizi anatazama mvua, hatazami mwezi. Mwezi kwake ni taa ya kuendea kwa jirani. Mama mdogo alipanga kila kitu kwenye ukuta ule wa jiko, isipokuwa mbingu.

Mwezi ukaanza kupungua, halafu ukawa unachelewa, halafu hatukuuona tena. Na mwaka ule ndagala walikuja kwa wingi ambao baba alisema hajauona tangu awe na mtumbwi. Asubuhi ufukwe wote ulikuwa mweupe. Tuliamshwa gizani tukiwa hatujamaliza ndoto ya kwanza, na jua lilitukuta tumeinama, likatuacha tumeinama. Siku ya kwanza mama mdogo alikwenda uwanja wa kanisa na kibuyu chake, akakuta watoto wachache wa watu wa ofisini. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu tulifika kadhaa baada ya kazi, macho mekundu, tukaimba wimbo mmoja ukafia njiani. Akakasirika. Alituita wavivu. Alisema tumemchoka, alisema kuna mtu anatutia maneno, aliuliza nani ametukataza kuja. Sisi tulimtazama tu. Nilitaka kumwambia, lakini nimwambie nini? Kwamba ni giza? Ni kama kumwambia mtu mzima kwamba moto unaunguza.

Jioni hiyo alimkabili baba, ambaye alikuwa anakunywa uji wake kabla ya kwenda ziwani. "Shemeji, mi nauliza," alisema, "nimefanya nini bantu ba hapa? Mbona banafunga batoto yabo?" Baba akaweka kikombe chini. Alikuwa mpole, baba yangu, na alimpenda mama mdogo kwa sababu alimchekesha. "Hakuna anayebafunga. Si ni giza, Wabiwa." Mama mdogo akauliza giza gani. Baba akamweleza, polepole, mwezi na taa na ndagala, na kwamba mambo yatakuwa hivyo mpaka mwezi uonekane tena, na kwamba Jumamosi ile ya Masera iko katikati kabisa ya kazi. Nilimwona mama mdogo akikaa chini bila kutafuta kiti. "Na munaniambia leo?" Baba akatazama mikono yake. "Tulizani unajua. Nani haijue mwezi?" Hakusema kwa dharau. Alishangaa kweli, na naona mpaka mwisho wa maisha yake aliendelea kushangaa.

Kubadilisha tarehe haikuwezekana. Masera alikuwa ameshaanza safari ya misheni zake, leo yuko huku, kesho kule, na hakukuwa na mtu wa kumkimbilia. Mama mdogo akafanya jambo ambalo bado namheshimu kwalo: alikwenda nyumba kwa nyumba, mama kwa mama, akapiga magoti kama inavyopasa msichana mwenye adabu, akaomba aachiwe watoto Jumamosi mchana. Walimkubalia. Wengine walinung'unika, mmoja alimwambia kwamba Masera hali ndagala ndiyo maana hana haraka nao, lakini walimkubalia. Tufanye kazi ya asubuhi, tugeuze samaki mara ya pili, halafu twende. Mama yangu alituosha mwenyewe, mmoja mmoja, akatusugua miguu kwa jiwe kama anayeosha viazi. Magamba hayakutoka yote.

Masera alifika juani, saa ile ambayo hata mbuzi wanatafuta ukuta. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, uso umeiva kwa joto, nguo nyeupe imepauka kwa vumbi la barabara ya Makobola, na kusema haki hakuwa mbaya. Alitusalimu sote. Alimshika Alimasi kidevu. Padri alimletea kiti, akaketi, na dereva akakaa kwenye kivuli cha kamio akitazama barabara. Tuliimba. Wimbo ulianza vizuri ukapungua nguvu kama mtu anayepanda mlima. Kwenye mbio za maji tuliyamwaga yote. Kwenye vitendawili mtoto mmoja aliulizwa akajibu "ndiyo", basi, "ndiyo" tu, akakaa chini. Mama mdogo alikuwa anatabasamu na jasho linamtiririka puani. Halafu akapiga makofi akasema, "Sasa maharagi!" Nilijua kwamba huo ndio mchezo aliouwekea tumaini lake lote. Nikachukua ungo wangu.

Mbegu zikalala chini. Zilijikunja vizuri sana, vizuri kuliko siku zote, magoti kifuani, mikono chini ya shavu. Mvua ikanyesha. Mama mdogo alipita akitikisa kibuyu, taratibu, akiimba ule wimbo wake wa milimani. Mimi nikazunguka na jua langu. Mvua ikanyesha tena. Hakuna kidole kilichoinuka. Nilidhani wamesahau, nikamgusa mmoja kwa mguu, na akakoroma. Lo! Wote walikuwa wamelala. Shamba zima. Kuku aliyetakiwa kuparura alikuwa amefika katikati ya mbegu, akainama kutafuta ya kula, na hapo hapo naye akajikunja akalala, mdomo wazi, magamba ya ndagala yanang'aa kwenye vifundo vya miguu yake. Nakumbuka nilitaka kucheka na sikuwa na nguvu za kucheka. Ungo ulikuwa mzito. Niliona uwanja unapanda na kushuka.

Mama mdogo alitikisa kibuyu kwa nguvu mara moja, akainua mkono kutikisa tena, kisha akasimama. Alitazama miguu yetu. Sijui aliona nini pale, lakini aliitazama kwa muda, mguu mmoja baada ya mwingine, akakiweka kibuyu chini polepole kisilie. Masera alikuwa amesimama kutoka kwenye kiti. "Waamshe, Wabiwa," alisema. Hakuwa mkali. Mama mdogo akamwendea karibu ili aongee chini. "Masera, hawa batoto banatoka kwa ndagala tangu asubuhi kabisa. Na jana. Na juzi. Bamechoka." Masera akasema anaona kwamba wamechoka, kila mtu amechoka, yeye mwenyewe amechoka, lakini ametoka mbali kuja kuliona kundi. Mama mdogo akasema, "Kundi ni hii, Masera. Imelala."

Padri alikohoa. Dereva aliwasha kamio, akaizima. Masera akamshika mama mdogo bega, na alichosema nilikisikia kwa masikio yangu kwa sababu nilikuwa mtu wa pekee wa kundi lile aliyekuwa bado wima. "Mwanangu, unajua nimekuja kuchagua. Nimesikia mema mengi juu yako. Lakini monitrisi lazima ajue kutawala watoto. Waamshe, wasimame, waimbe wimbo mmoja tu, nami nitaridhika." Wimbo mmoja tu. Nilimtazama mama mdogo. Angeweza kupiga makofi. Makofi mawili tungeruka wote, tulivyozoea kuamshwa. Akasema, "Hapana, Masera. Unisamehe. Muache balale."

Halafu akanijia, akautoa ungo mikononi mwangu. "Jua," aliniambia, "we nawe lala." Nikalala pale pale nilipokuwa nimesimama, mchanga wa moto chini ya shavu. Kitu cha mwisho nilichoona kabla macho hayajafunga ni yeye akifungua kikwembe chake cha juu, kile kitenge alichojifunga, akakinyoosha kati ya mikono yake miwili kuwakinga wadogo waliokuwa kwenye jua kali, na ungo ameusimamisha mbele ya uso wa Alimasi. Sikusikia kamio ikiondoka. Tulipoamka kivuli cha kanisa kilikuwa kimetufikia, kiti cha Masera kilikuwa kitupu, na mama mdogo alikuwa bado amesimama, amebadilisha upande kufuata jua, mikono imeinuliwa. Alituambia twende nyumbani tukanawe uso.

Nyumbani mama alimpigia kelele mpaka majirani wakaja. "Wabiwa! Ungebapiga hata teke! Batoto balilala jana, batalala kesho, we shule yako itakuja kesho?" Baba alitoka kwenda ziwani bila kunywa uji. Masera alichagua msichana mwingine kutoka misheni nyingine, na nasikia alikuwa mzuri na alifundisha miaka mingi, sina neno naye. Kiangazi kilipokwisha, mama mdogo alifunga vitu vyake akapanda Fizi. Aliolewa na yule mtu. Alilima maharage, alizaa, alizika watoto wawili, alikimbia vita akarudi, akakimbia tena, na alifia ukimbizini ng'ambo ya ziwa, ambako ndugu zake wachache walimfunga kwenye kikwembe cha kuazima.

Mimi ndiye niliyekwenda shule. Miaka ilipita, mambo yakabadilika kidogo, wakaanza kuchukua wasichana zaidi, na nikachukuliwa. Niliporudi na cheti nilipanda Fizi kumwonyesha. Nilimkuta shambani, mgongoni ana mtoto. Alikishika cheti kwa ncha za vidole asikichafue, akakisoma chote, hata maandishi madogo ya chini, maana kusoma hakusahau. Akaniuliza nimefundishwa nini. Nikamtajia yote: jinsi ya kupanga somo, jinsi ya kushika darasa, jinsi ya kuamsha mtoto anayesinzia bila kumpiga. Nilikuwa kijana, nikamwuliza lile ambalo mtu mzima asingeuliza, kama hajutii. Nilitegemea aniambie kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu, au acheke. "Nilitaka ile shule," alisema. "Mi nililia njia yote, kutoka Baraka mpaka hapa. Hata leo siku ingine nalia." Akanirudishia cheti, akashika jembe. "Lakini mulikuwa mumechoka."

Nimefundisha hadi nikastaafu, hapa Baraka na kule tulikokimbilia, chini ya mabati na chini ya turubai. Nimechoka, nasema wazi, uchovu wangu hauondoki kwa kulala. Mwaka jana vijana wa parokia walikuja kunichukua wakitaka mawazo ya shughuli za likizo kwa watoto. Wana fulana za rangi moja, wana kipaza sauti, wana filimbi kila mmoja yake, na wana moyo, sitawasingizia. Walinisomea mipango yao: michezo ya amani, wimbo wa kunawa mikono, mashairi, mpira. Niliwauliza jambo moja tu, siku hiyo waliyochagua mwezi utakuwa wapi. Kijana mkubwa wao akatoa simu, akaitazama, akanijibu kwa heshima kubwa, "Bibi, usiogope, simu inasema hakutakuwa mvua."

Siku yenyewe ilikuwa ya giza, bila shaka. Wageni walikuja na magari meupe. Mimi nilikalishwa mbele, na pembeni yangu wakamkalisha kasichana kalikotakiwa kusoma shairi, kamevalishwa gauni safi, na chini ya gauni miguu ina magamba. Hotuba ya kwanza haikufika nusu, kichwa chake kikaangukia mkononi mwangu. Akalala, mzito kama gunia. Kijana alikuja ameinama. "Bibi, muamshe, zamu yake imefika, bageni banangoja." Nikamwambia wangoje. Akasema, "Bibi, programe..." Nikamwambia, "Nimesema bangoje!" na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Wageni wakageuka, wakatabasamu jinsi watu wanavyotabasamia vikongwe, wakaendelea na mengine. Hakuna kilichonipata. Nani atamfanya nini bibi mzee? Anachukuliwa nini? Kukataa kwangu kulikuwa kwa bure. Mama mdogo Wabiwa alikuwa msichana, na maisha yote aliyoyataka yalikuwa yameegeshwa pale uwanjani, dereva ameshika usukani, yanangoja apige makofi mawili. Nilikaa na kile kichwa mpaka mkono ukafa ganzi, nikalia, polepole, nisije nikamwamsha.